Hatuondoki Hadi Tutimie

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa usukani. Nilifika kituo cha kupokelea wakimbizi kando ya ziwa, Kigoma, nimevaa shati la pasi, leseni ya magari makubwa mfukoni, nikijua nitakabidhiwa ufunguo na kuambiwa twende. Aliyenipokea alikuwa mtu mfupi, kifua mbele, kichwani kofia ya jeshi iliyopauka kwa jua. Aliitazama leseni yangu, akanirudishia.

"Hii inasema unajua kuendesha gari," akasema. "Sisi hapa tunaendesha watu. Nenda nyuma ya bodi ukasikilize."

Bodi ni lile sanduku la nyuma ya lori. Naeleza kwa sababu ninyi vijana wa siku hizi mnaendesha magari yanayojifunga milango yenyewe, na wengine hamjawahi kufunga turubai mvua ikiwa imeshaanza. Basi nilikwenda nyuma ya bodi, nimenuna. Yule mtu alipita lori kwa lori, na kila familia aliiuliza swali moja: "Muri mwese?" Yaani, mko nyote? Kirundi na Kiha hapo ni ndugu, kwa hiyo Mrundi alimwelewa na Muha alimwelewa. Mkubwa wa familia aliwagusa watu wake kichwani mmoja mmoja, kisha akajibu, "Turi twese." Tuko sote. Pasipo jibu hilo hakuna dereva aliyethubutu kuwasha injini.

Huyo ndiye Afande Maulidi, mkuu wa madereva wa msafara, mtu wa Ujiji, na mimi Yasini wa Buzebazeba nilifanya kazi chini yake miaka yote ile ambayo boti zilikuwa zinashusha watu kila asubuhi kutoka ng'ambo. Sheria yake ilikuwa fupi: familia moja, lori moja. Ukiwa dereva wake ungeweza kuchelewa, kuchafuka, hata kumjibu vibaya ukiwa na njaa. Kuitenganisha familia ungejaribu mara moja tu, kisha ungetafuta kazi kwingine.

Alinifundisha kazi upya. Malori yetu yalikuwa ya zamani, gia haziingii kwa kubembelezwa. Ilibidi ukanyage klachi, utoe gia, uachie, uguse mafuta, ukanyage tena ndipo uingize nyingine, na yote hayo uyafanye mlimani umebeba akina mama na watoto. Alinifundisha kushuka mteremko kwa gia ileile ambayo ungepandia, ili breki zisichemke. Alinifundisha kusikiliza springi, zile pleti za chuma zilizopangwa juu ya ekseli kubeba uzito wote, maana springi hulia kabla haijakatika. Nilijivuna sana nilipoanza kuisikia. Mpaka leo nikipanda gari la mtu namwambia springi yako ya kushoto inalia, na watu hawapendi.

Kwa nini alikuwa hivyo? Afande alikuwa dereva wa jeshi katika vita ya Uganda. Alikwenda mkewe akiwa mjamzito. Aliporudi Ujiji, mtoto alikuwa tayari anatembea, na alipomwona yule mwanamume mwenye magwanda mlangoni alikimbia akilia, akajificha nyuma ya mama yake akisema mgeni amekuja. Mtoto huyo ndiye Tunu. Afande alituambia kwamba risasi hazikumtoa machozi, ila neno hilo lilimtoa. Tangu siku hiyo hakulala nje ya kwake kama barabara ilimruhusu. Sare za shule za wanawe alizipiga pasi mwenyewe, pasi ya mkaa, mistari imesimama kama ya gwaride. Tulimtania tukimwita mume wa nyumbani. Alijibu, "Na wewe ni mume wa wapi?"

Tunu alipoposwa na kijana mfanyabiashara wa dagaa, baba yake alimwahidi jambo moja mbele ya nyumba nzima. Katika nikahi, wali, ndiye baba wa bibi harusi, anaweza kumweka mtu mwingine awe wakili wake amwozeshe binti yake. Afande alisema hataweka wakili. "Sikuwepo ulipozaliwa," alimwambia, "lakini siku ya kukutoa nitakutoa kwa mdomo wangu." Nikahi ikapangwa baada ya sala ya Alasiri. Msafara wa asubuhi ulikuwa wa kwenda kambini upande wa Kasulu na kurudi. Muda ulitosha kabisa, na sote tulikuwa tumeshaalikwa pilau.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimechangamka kama bwana harusi ni mimi. Malori yalijaa, majibu yakatoka moja baada ya moja, tukafika lori la Afande mwenyewe. Palikuwa na mama mmoja wa Kirundi, Mama Spesi, amekaa na wanawe juu ya magodoro.

"Muri mwese?"

Mama Spesi akatikisa kichwa. Mama yake mzazi alikuwa bado zahanati akifungwa kidonda cha mguu.

Msimamizi wa Msafara, kijana mwenye haraka kutoka Dar es Salaam, akatazama mawingu. "Afande, bibi atakuja na msafara wa kesho. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Msemo huo ni wa kugawana nyama," Afande akasema. "Hawa ni watu. Tunasubiri."

"Na harusi yako?"

"Ndiyo maana nakuambia tunasubiri, usinichanganye."

Tukasubiri. Bibi alikuja polepole akiegemea fimbo, akapandishwa, akajipangia nafasi kama mwenye lori, na jibu likatoka: "Turi twese." Tukang'oa nanga, kama wasemavyo watu wa meli. Lakini mvua nayo ilikuwa imeng'oa yake, ikatukuta njiani. Tulipoipita Kidahwe kidogo tu, barabara ikawa uji. Nikiwa nyuma yake nikaisikia springi ya lori la Afande inalia, nikapiga honi, nikapiga tena, na papo hapo ikakatika. Lori likainama upande mmoja. Hakuna aliyeumia. Bibi alichungulia kutoka kwenye turubai, akauliza kama ndiyo tumefika.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa kazi. Malori mengine yalikuwa yamejaa. Msimamizi alipendekeza watu wa lori bovu wagawanywe, huyu humu, yule kule, msafara uendelee, na yeye amrudishe Afande Ujiji kwa Landkruza yake awahi nikahi. Nilimsihi Afande akubali. Nilimwambia nitabaki mimi, nitawalinda kama wangu.

Alitazama barabara ya kurudi mjini. Sijawahi kumwona vile. Alipiga hatua mbili kuelekea Landkruza, akasimama.

"Yasini, nikiondoka mimi watakuwa wamegawanywa kabla sijafika Simbo. Wewe utakataa, huyu atakuamrisha, basi." Akavua kofia. "Nenda wewe. Mwambie shemeji yangu awe wakili wangu. Na Tunu mwambie... mwambie chochote utakachoona."

Nikapanda Landkruza nikiwa na hasira na dunia nzima. Nilikuwa nimeshafunga mlango ndipo akili iliponijia, na mpaka leo naona raha nikikumbuka. Nikahi inataka wali, bwana harusi na mashahidi. Bibi harusi mwenyewe anakaa ndani, anatoa idhini yake, basi. Sasa nani kasema lazima wali ndiye asafiri? Nikashusha kioo. "Afande! Usiweke wakili. Kaa hapohapo!"

Msimamizi aliponielewa, na nimpe haki yake, alikanyaga mafuta kuliko hata ambavyo mimi ningethubutu. Tulipita karakana tukachukua springi nyingine, tukaingia Ujiji watu wakiwa wametoka kuswali. Nilipoeleza, mashangazi walinijia juu. "Nikahi ya barabarani? Tunu ni mzigo wa dagaa, anauzwa njiani?"

Mama Tunu, mke wa Afande, alitoka ndani na kanzu nyeupe mkononi. "Mume huyo nimeolewa naye mimi, namjua. Hatawaacha watu wa watu. Mpelekeeni kanzu yake."

Shehe akaingia kumuuliza Tunu, na sauti ya Tunu ikatufikia sote uani: "Mwambieni baba nimeridhia. Lakini asipoyasema yeye mwenyewe, mimi sitoki chumbani mpaka mwezi uandame."

Tulipakiana katika gari lile vibaya sana. Bwana harusi katikati, rangi imemtoka. Shehe mbele, miguu kaiweka juu ya springi yenye grisi, kakunja kanzu hadi magotini, akirudia kusema kwamba amefungisha nikahi nyingi lakini hajawahi kupelekwa kwenye nikahi kama kipuri. Nyuma kabisa masinia ya pilau, maana Mama Tunu alisema harusi haifungwi mbele ya watu wenye njaa. Gari liliteleza, likanyooka, likateleza. Mimi nilikuwa nacheka na kuomba dua kwa pamoja.

Mvua ilikuwa imekatika tulipofika. Afande alikuwa chini ya lori, amelala kwenye tope, anafungua nati. Alipotoka na kumwona shehe anashuka, spana ilimponyoka. Alinawa kwa maji ya dumu, tukamvika kanzu juu ya ovaroli, tukatandika turubai kando ya barabara. Mimi nilikuwa shahidi mmoja, dereva mwenzangu Mwislamu akawa wa pili. Wakimbizi walishuka wakatuzunguka.

Akaushika mkono wa kijana. "Nimekuoza binti yangu Tunu," akaanza, sauti ikakatika. Akaanza tena, safari hii kwa nguvu kana kwamba anataka Ujiji wasikie, akafika mwisho bila kukosea. Kijana akajibu, "Nimekubali kumwoa." Mama Spesi na wenzake wakapiga vigelegele vya kwao, madereva wakapiga honi, na mimi nililia mbele ya watu bila aibu yoyote. Watu wale walikuwa wameacha kila kitu ng'ambo ya maji, lakini siku ile walikuwa wageni wa harusi, wakala pilau mpaka masinia yakang'aa.

Springi tukaifunga. Watu walipopanda, yule bibi wa kidonda alimwita Afande, akamwekea mkono kichwani, akamuuliza yeye swali lake mwenyewe: "Muri mwese?"

Afande alitazama upande wa Ujiji. "Turi twese, mama."

Baada ya kazi ile niliendesha boza la maji, kisha lori la saruji, chini ya wakuu wa karakana wa kila aina, mpaka nikastaafu. Kustaafu hakunikosesha usingizi. Ninachokosa ni kusubiri kule. Siku hizi abiria akichelewa anapigiwa simu na gari limeshafika njia panda. Kama mnataka neno la mzee, ni hilo tu: si lazima gari lako liwe la kwanza kuondoka, wala barabara haikimbii.

Afande Maulidi alifariki hospitalini mjini, uzee tu, wanawe wote wamemzunguka. Niliomba niendeshe mimi gari la kumrudisha nyumbani Ujiji, na mikono yangu ni ya kutetemeka sasa, lakini hakuna aliyenikatalia. Mama Tunu alikaa mbele na mimi. Tunu, ambaye sasa ana wajukuu, alikaa nyuma na wadogo zake, kando ya jeneza la baba yao. Nilishika ufunguo, nikashindwa kuuzungusha. Nikageuka, nikauliza, kwa kuwa nilifundishwa niulize.

"Muri mwese?"

Tunu aliwagusa wadogo zake kichwani mmoja mmoja. Kisha akaweka kiganja juu ya jeneza, upande wa kichwa.

"Turi twese," akasema. "Twende."