Luyuan au Ruyuan

Kwa wiki mbili nilikosa usingizi kwa sababu ya hoteli mbili ambazo sikuwa nimeziona. Moja iliitwa Luyuan, nyingine Ruyuan. Zote mbili zina matawi katika miji mingi ya Uchina, zote zina tawi Guangzhou, na mimi, Nafula, mhitimu wa utalii ambaye kwa mwaka mmoja na nusu sijampokea mtalii hata mmoja, nilikuwa nimepewa kazi ya kuchagua.

Aliyenipa kazi hiyo ni senge. Kwetu senge ni dada ya baba. Wangu anauza zipu, vifungo na uzi wa cherehani mjini Bungoma, na kila mwaka huenda Guangzhou kununua bidhaa. Miaka yote alilala katika nyumba moja ya wageni iliyojulikana na wafanyabiashara wenzake, lakini nyumba hiyo ilibomolewa. Goti lake la kushoto nalo likaanza kumsumbua. Akanipigia simu Kitale.

"Nafura, utanipereka. Si wewe umesomea mambo ya hoteri? Nikienda na kurudi bira kuumia, safari ya mwaka ujao ni yako, utakuwa unaninunuria vitu. Ukiniweka mahari mbaya, nampatia Barasa. Mimi sitaki mambo mingi, nataka kurara tu."

Barasa ni binamu yangu. Hajasomea hoteli wala chochote kinachofanana nayo, lakini akiamua jambo huwa ameamua, na hilo ndilo lililonitisha.

Nikachora jedwali. Luyuan ilikuwa na lifti, chakula cha asubuhi, na kituo cha treni mlangoni. Ruyuan haikuwa na lifti. Ilikuwa kwenye kichochoro karibu na soko la vitambaa, na picha zake zilionekana kama zilipigwa na mtu aliyekuwa akilala. Jedwali lilifika mistari kumi na tisa, mmoja ukiwa ugumu wa mto wa kulalia. Nilisoma maoni ya mgeni aliyelalamika kwamba Luyuan ni kimya mno, nikashinda siku nzima nikijiuliza kama kimya kinaweza kudhuru goti. Mwishowe nikachagua Luyuan, nikalipia kwa pesa za senge, nikamtajia jina la hoteli kwa simu, na nikalichapisha kwa herufi za Kichina, nakala tatu. Moja niliitia mkobani, moja sandukuni, na moja nikaikunja ndani ya pasipoti.

Asubuhi ya kuondoka Kitale, ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Elgon ukafunika mashamba yote. Jirani yetu alinibeba kwenye pikapu yake, mimi na sanduku langu kati ya magunia ya viazi. Ng'ombe walisimama kando ya barabara bila miguu, kwa maana ukungu ulikuwa umeimeza. Nilihisi kwamba safari ilikuwa imeanza bila mimi, na kwamba mimi halisi nilikuwa bado kitandani nikilinganisha mito.

Tulipopita Mabanga jua lilikuwa limetoka. Senge alikuwa akinisubiri mlangoni pa duka lake, amevaa koti la sufi na viatu vya raba vyeupe.

"Hoteri iko na nini?" akaniuliza kabla hata ya salamu.

"Iko na lifti, senge."

"Na maji moto?"

Mistari kumi na tisa, na maji moto hayakuwamo. "Lazima yako," nikasema.

"Razima," akarudia, akinitazama kama anayepima zipu kwa jicho.

Tulipanda ndege ndogo Eldoret hadi Nairobi, kisha ile kubwa. Sina mengi ya kusimulia juu ya angani. Senge alilala mdomo wazi, mguu wa kushoto ameunyoosha juu ya mkoba wangu, nami nikatazama mawingu yakipita chini yetu. Kuna wakati niliona kama ni mahindi yaliyopukuchuliwa na kuanikwa, shamba moja lisilo na mwisho, na hakuna mtu wa kuyageuza.

Saa tisa alasiri tulitua Guangzhou. Watu walinionya juu ya baridi ya Uchina, lakini hakuna aliyeniambia kwamba majira yale mji ule hutoa jasho. Sakafu za uwanja wa ndege zilikuwa na unyevu, kuta zilikuwa na matone, na vioo vilikuwa vimefumbwa na mvuke. Kila kitu kilionekana kama kimetoka tu kuogeshwa.

Kwenye foleni ya teksi nilimkalisha senge kiti cha mbele ili mguu wake upate nafasi, nikaenda nyuma kupakia masanduku. Nilipoingia, alikuwa ameshaanza mazungumzo.

"Ruyuan," alimwambia dereva. "Ruyuan, bana. Ya soko."

"Ruyuan?" dereva akauliza.

"Ee. Ruyuan."

Nilisikia vizuri kabisa. Na mkono wangu, uliokuwa tayari umeishika pasipoti yenye karatasi, ukatulia. Kwa nini nimsumbue mtu wakati jina limeshatajwa? Nimekulia mikononi mwa watu wanaoniita Nafura. Kwetu herufi L na R ni ndugu wanaovaliana mashati, na hakuna anayeuliza leo ni nani amevaa lipi. Masikio yangu, pamoja na cheti changu, ni ya Bungoma.

Tulipita madaraja marefu yaliyoelea katika mvuke, majengo yasiyo na vichwa, na mto mpana wa rangi ya chai. Kisha gari likaingia kichochoro chenye miti mikubwa iliyoning'iniza mizizi kama nyuzi kwenye duka la senge. Likasimama mbele ya mlango mdogo. Nikatafuta kituo cha treni. Nikatafuta lifti. Hapakuwa hata na ghorofa ya kutosha kuhitaji lifti.

Nyuma ya meza ya mapokezi alikaa mwanamke wa umri wa senge, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Senge alijitupa kwenye kiti cha mbao na kuvua viatu. Goti lilikuwa limevimba kama kiazi. Mwanamke yule aliliona kabla ya kuziona pasipoti zetu. Akatafuta jina langu kwenye kompyuta, akatafuta tena, kisha akasema kitu kwenye simu yake, na simu ikanigeukia na kuzungumza Kiswahili cha taarifa ya habari:

"Mgeni wa mbali, jina lako halimo katika nyumba hii."

Nikatoa karatasi. Akaisoma, akatabasamu, akasema tena na simu.

"Unatafuta Bustani ya Paa. Hii ni nyumba ya Matakwa Yametimia. Bustani ya Paa iko ng'ambo ya mto. Magari ni mengi saa hii. Je, huyu ni mama yako?"

"Ni shangazi yangu," nikaiambia simu.

Uso wa yule mama ukachanua. "Gugu!" akasema, akimwelekea senge. "Gugu!"

Senge akafumbua macho. "Nafura. Huyu ananiita gugu?"

"Senge, ndivyo wanavyosema dada ya baba. Wana neno lake kama sisi."

"Aa. Nirifikiria nimekuwa ya kung'orewa shambani." Akacheka, akafumba macho tena.

Yule mama alitoweka nyuma ya pazia, akarudi na beseni kubwa la maji ya moto yenye vipande vya tangawizi. Akaliweka chini, akaishika miguu ya senge kama mtu anayeshika vitu vyake mwenyewe, akaizamisha. Mvuke ukapanda na kuungana na jasho la kuta. Senge akavuta pumzi ndefu, na baada ya dakika chache alikuwa amelala, kichwa ukutani, miguu ndani ya maji.

Nikasimama pale. Kichwani jedwali lilijipanga upya, mstari juu ya mstari. Nimwamshe? Chumba kimeshalipiwa ng'ambo ya mto. Nisimwamshe? Nitalipa mara mbili, na nitasemaje? Nilipomtazama yule mama, alikuwa ameinua kidole kimoja, kisha akakielekeza chini. Ghorofa ya chini. Nikatoa pasipoti zote mbili.

Asubuhi, senge akiwa bado amelala, nilipanda teksi peke yangu. Safari hii nilimwonyesha dereva karatasi. Luyuan ilikuwa kama nilivyoiandika: lifti isiyo na sauti, kituo cha treni mlangoni, mito laini na migumu, uchague. Nilipewa ufunguo wa chumba cha ghorofa ya tisa kilichokuwa kimelala bila sisi. Nikakaa ukingoni mwa kitanda changu, nikakitazama cha senge, shuka zake zimenyooka kama daftari jipya. Chini mji ulielea kwenye ukungu, na kwa muda nikaona ni Kitale, kwamba nikingoja kidogo watatokea ng'ombe. Jedwali halikudanganya hata mstari mmoja. Hoteli ilikuwa bora. Nikaamua kumhamisha.

Niliporudi kichochoroni, senge alikuwa amekaa nyuma ya meza ya mapokezi. Yule mama alikuwa amesimama upande wa wageni, amebaki na blauzi, na jaketi lake lilikuwa mapajani mwa senge, zipu imefumuliwa.

"Angaria hii kitu," senge akaniambia, sindano mdomoni. "Anakaa karibu na soko ya zipu na anavaa zipu imekufa. Nimemwambia akae mbari nitengeneze."

"Umemwambia na nini?"

"Na mdomo."

Kisha akainua goti la kushoto na kulishusha, polepole, mara mbili. "Jana jioni amenimwagia ingine, na reo asubuhi ingine. Nikipata mtu wa kunimwagia maji hivi, hii goti si ingepona? Nafura, hoteri umechagua. Hapo sikudanganyi. Umechagua kama mtu amezariwa huku."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo. Nikaona mkono wake ukipita na uzi juu ya jaketi, nikamwona Barasa akipanda ndege na pengo lake la meno, na nikaufunga mdomo.

Tulikaa siku sita. Mchana tulizunguka soko la zipu, njia baada ya njia, zipu zimeanikwa kwa rangi kama nyasi za nchi isiyokuwapo. Jioni beseni lilikuwa likitusubiri. Siku ya kuondoka, yule mama alimwita senge "Gugu" mara tatu na kumpa tangawizi iliyofungwa kwa gazeti.

Nyumbani, jambo lile liliniandama. Kila aliyekuja dukani alisimuliwa: "Huyu mtoto wa ndugu yangu ameniweka pahari, wee!" Nilikuwa nimeipata safari ya mwaka ujao kwa jambo ambalo sikulifanya. Nikilala naona vitanda viwili vya ghorofa ya tisa, vimenyooshwa, vikitusubiri.

Jumamosi iliyopita niliondoka Kitale alfajiri na kwenda Bungoma. Senge alikuwa akipanga vifungo. Sikukaa.

"Senge, ile hoteli sikuichagua mimi. Mimi nililipia Luyuan. Wewe ulimwambia dereva Ruyuan, na mimi nikasikia, nikanyamaza. Nililipa mbili, kwa pesa zako, na sikukwambia."

Akanitazama. "Nirimwambia Ruyuan."

"Ndiyo."

"Na wewe uriripia?"

"Luyuan."

"Si ndiyo hiyo?"

"Hapana, senge. Ile nyingine. Inaitwa Bustani ya Paa."

"Paa ya nini? Ya mabati?"

"Paa mnyama. Kama swara."

Akakizungusha kifungo kati ya vidole vyake. Kisha mabega yakaanza kutikisika, na kicheko kikatoka kikubwa hadi mshonaji wa jirani akachungulia.

"Swara!" akasema, akijipangusa macho. "Yaani hao swara wamerara kwa vitanda vyangu siku sita!" Akapoa polepole. "Na kama ungenyamaza, mimi ningejua?"

"Hungejua."

"Barasa angenyamaza." Akakirudisha kifungo kwenye kopo lake. "Safari ni yako. Hiyo pesa ya swara utanifanyia kazi. Na wewe enda peke yako, mimi na hii goti tumetembea ya kutosha. Toa simu. Chagua hapa, sasa, nikiona. Hakuna kuandika-andika."

Nikatoa simu. Majina mawili yakatokea, moja juu ya jingine, yamepishana kwa herufi moja. Vidole vikataka kuchora jedwali. Nikamtazama senge: alikuwa amenyoosha mguu wa kushoto chini ya meza, na mkono wake ulilisugua goti bila yeye kujua.

Nikabonyeza Ruyuan. Ghorofa ya chini. Simu ikauliza ni wageni wangapi, nami nikaandika wawili.