Usaha wa Nkwabi na Benchi la Maabara

Mume wangu Nkwabi haamini sampuli iliyopotea machoni pake hata dakika moja. Miaka kumi na minne amechimba dhahabu huku Tarime, tangu alipokuja kutoka Shinyanga, na anachojivunia si dhahabu, maana hiyo hatuioni. Anajivunia kwamba hakuna aliyewahi kumbadilishia jiwe. Jiwe lake likipelekwa kupimwa, yeye au mwenzake Mogesi hulifuata na kukaa nalo mpaka majibu yatoke.

Ugonjwa wake ulianza na maumivu ubavuni, kushoto, kwa nyuma. Akasema ni mgongo wa kazi. Homa ikaja na kutetemeka, akasema ni baridi ya shimoni. Wiki tatu nzima! Dawa za mkojo alizopewa zahanati zilimtuliza siku nne, halafu homa ikarudi kwa hasira. Nikamburuta hospitali. Daktari Huruma alimgonga ubavuni kidogo tu kwa ngumi, Nkwabi akaruka nusura avunje kitanda. Altrasaundi ikaonyesha jipu kubwa kando ya figo.

"Dawa peke yake haifiki huko," daktari alisema. "Tunaingiza mrija, tunatoa usaha. Maabara watauotesha, tujue ni mdudu gani na anakufa kwa dawa ipi."

Mrija hakuuogopa hata kidogo. Aliuliza tu, "Huo usaha unakwenda na nani?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kichupa kikabandikwa plasta, Nkwabi akatia sahihi juu ya plasta, na Mogesi akatumwa kukaa kwenye benchi mlangoni mwa maabara. Alikaa siku tatu, amekunja mikono, mpaka akawa anawasalimia wataalamu wote kwa majina.

Homa ilishuka kidogo, ikapanda tena. Siku ya tatu majibu yakatoka: dawa aliyokuwa anachomwa haimuui mdudu yule, abadilishiwe leo hii. Nesi akaja na sindano mpya, Mogesi nyuma yake. Nkwabi akaficha mkono chini ya shuka.

"Mogesi, ulilala?"

Mogesi ni mtu wa kweli, na balaa lake ndilo hilo. "Jana mchana, ndugu yangu. Kidogo. Labda saa moja."

"Basi hiyo si sampuli yangu."

"Nkwabi, usaha nani auibe?" nilipiga kelele.

"Mama Mboje, kila aliyeibiwa aliuliza hivyo hivyo."

Macho yalikuwa yameingia ndani, meno yanagongana, na bado anabishana. Nilimchukia, na wakati huohuo niliogopa kwamba nampoteza. Tangu anioe sikuwahi kumdanganya. Nikamdanganya.

"Mogesi alipolala nilikaa mimi," nikasema, machozi yananitoka. "Benchi lile lile. Kichupa hakikutoka."

Akayatazama machozi yangu. Kisha akautoa mkono.

Homa iliisha ndani ya siku mbili. Wiki iliyofuata mrija ukatolewa, tukarudi nyumbani. Siku moja, akiwa anaota jua uani, akasema bila kunitazama, "Mchana ule Mogesi alipolala, wewe ulikuwa nje unafua shuka zangu. Nilikuona kupitia dirishani."

"Sasa mbona ulikubali sindano?"

Akajikuna pembeni ya kidonda. "Nimeona wezi wengi wa sampuli," alisema. "Sijamwona hata mmoja akilia."