Chai ya mama wa Koboko

Apa kwanza. Ukishasoma hii, kunja gazeti, usiambie mutu!

Unajua wale vijana wazungu wa dini ya Mormoni, shati nyeupe na tai, wanatembea wawili wawili? Jumatatu mumoja wao alikaa kwa kibanda ya mama ule wa Koboko, anauza chai hapa soko ya Arua. Mama akamupa kikombe ya kumukaribisha. Kijana akaisukuma pole pole na kidole. "Asante mama, dini yangu inakataza chai."

Weee! Kwetu hapa, mutu akikataa kikombe yako mbele ya watu, amesema iko na sumu! Kufika Jumatano, benchi ya mama iko tupu. Wateja wanapita mbali, wanajifanya wanaangalia mbuzi.

Ijumaa kijana akapita tena. Mama akamushika tai. "Mwanangu, dini yako inakataza muhogo?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa, ukule, watu waone!"

Wakakula ugali ya muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, sahani moja, mkono kwa mkono. Soko yote ikasimama kungoja kijana aanguke. Yeye akalamba vidole, akaomba ingine. Hahahaa! Mpaka tai ikaingia kwa mchuzi!

Jumamosi benchi ikajaa. Kijana naye, habari ya dini hakuna mutu anamuuliza; wanamuuliza tu kama ameshiba.

Aliniambia shemeji yangu mwenye kuuza mbuzi. Yeye ndiye alikimbia ile chai wa kwanza.