Siku Vidole vya Shemeji Vilipogoma

Dada mkubwa wa mke wangu alitoka Butembo na furushi la vitenge, akavuka mpaka kuja kuuza Bwera. Ni mtu wa kwaya, mcha Mungu, na akikasirika hupumua hadi jirani asikie. Mimi ni shemeji yake, kumtania ni haki yangu.

Siku ya harusi ya binti yake tulikuwa kanisani Kasese tangu asubuhi. Bwana harusi na watu wake walikuwa wanateremka kutoka Mahango, juu milimani, na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imeharibu barabara. Saa ya misa ikapita. Simu zao hazikupatikana. Shemeji akasimama mlangoni, anahema kama aliyepanda mlima.

"Bwana harusi hajakimbia," nikamwambia. "Amekwama kwenye matope tu."

"Wewe nyamaza. Mutoto yangu anapata haya mbele ya batu."

Aliendelea kuhema. Baadaye akalalamika kwamba midomo inamwashawasha. Kisha mikono ikajikunja, vidole vikabanana kama vya mtu anayechota chumvi, na kila alipojaribu kuvinyoosha vikagoma.

"Baliniloga," akasema kwa sauti ndogo.

Wanakwaya wenzake wakageuka wote kutazama upande wa Mahango, kwa wakwe.

Mimi na mke wangu tukamshika huku na huku tukampeleka kliniki iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Muuguzi aliitazama mikono, akaketi mbele yake, akamwambia avute hewa kwa pua na kuitoa taratibu, kama anapoza uji. Akapumua naye, polepole, hadi mabega ya shemeji yakashuka.

"Mama, ukihema mbio namna hiyo, unatoa hewa ambayo damu bado inaihitaji," akaeleza. "Damu ikibadilika, kalsiamu inayotuliza mishipa ya fahamu inapungua. Basi mishipa inashtuka kwa jambo dogo, inaamrisha misuli ijikaze bila kutumwa na mtu."

"Hata mwenye mishipa yuko hivyohivyo," nikasema.

Shemeji alinitazama. Nikageukia kalenda ya ukutani.

Vidole vilifunguka kimoja kimoja. Alivikagua, kisha akauliza, "Hii ugonjwa iko na jina?"

"Tetani. Si pepopunda, usiogope."

Nilimwona anafurahi. Kurogwa ni aibu, lakini tetani lilikuwa jina la Kifaransa, lugha ya wasomi wa kwao.

Tuliporudi, wageni walikuwa wamefika. Mama wa bwana harusi alikuwa ametembea sehemu ya njia kwa miguu, viatu mkononi, gauni lake limelowa hadi magotini. Shemeji, ambaye asubuhi ile alidhani watu wa mama huyu ndio waliomroga, aliomba beseni la maji, akapiga magoti mbele yake, akaanza kumwosha matope miguuni. Mama yule akakataa mara ya kwanza, kisha akamwachia. Wote wawili walikuwa wanalia, na wanailaani ile barabara.

Nilikuwa na neno la utani tayari mdomoni. Nikalimeza.