Tone la Oili kwenye Kikaango

Hadi leo, mafuta ya kukaangia yakinirukia, nanusa oili ya pikapu ya baba. Siku moja uani kwetu, fundi alikuwa ameapa kwamba injini ni nzima, na baba ameshika ufunguo, tayari kwenda Misungwi. Mama, aliyekuwa akikaanga sato, akakitazama kijiti cha kupimia oili mkononi mwa fundi.

“Mbona imekuwa kama chai ya maziwa?”

“Uchafu tu huo, mama,” fundi akajibu.

Mama akakichukua kijiti. Alipasha kikaango kingine kikavu, akadondosha tone moja la oili hiyo. Likalia, likaruka.

“Mafuta yakipiga kelele hivi, yana maji.”

Fundi akafungua injini. Gasketi inayotenganisha maji na oili ilikuwa imeungua, na maji ya rejeta, yale ya kupozea injini, yalikuwa yakiingia kwenye oili. Tangu siku hiyo fundi hakuwasha gari lolote uani kwetu kabla ya kumpelekea mama yangu kijiti jikoni.