Namba Sita za Ijumaa

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa umri wa kulieleza jambo hili bila kulipamba.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa hesabu katika maabara ya shamba moja la mkonge, nje kidogo ya Tanga. Mkemia wetu, Mwingereza mpole, asubuhi alipima udongo na nyuzi. Saa zilizobaki alifanya kazi aliyoahidiana na mwalimu wake wa Ulaya. Alitaka kujua kwa hesabu tupu, bila moto wala chupa, atomu ya haidrojeni inahitaji nguvu kiasi gani ili iivunje jozi ya wenzake na kuchukua nafasi ya mmoja.

"Kuna kilima katikati," alituambia. "Ikikosa nguvu ya kukipanda, inarudi ilikotoka. Ninyi mtanipimia kilima hicho."

Tulikuwa wawili, mimi na Msambaa mmoja, mtoto wa mwinjilisti wa Kilutheri. Kila mmoja alikuwa na chumba chake na mashine yake ya kuhesabu, ya kuzungusha kwa mkono. Bwana alitupa masafa yaleyale baina ya atomu, tukakokotoa nguvu kila mmoja peke yake, kisha tukalinganisha. Tukiafikiana, namba iliandikwa kwa wino. Utaratibu huo sikuuona mgeni. Chuoni nako, tulikosomea Kurani, mtu hakuhesabiwa kuwa amehifadhi sura mpaka mwenzake amsikilize.

Ijumaa moja zilinibakia namba sita na adhana ilikuwa karibu. Mwenzangu alikwishamaliza, karatasi yake ameiacha mezani chumbani kwake. Nikazinakili zake, nikapanda baiskeli, nikawahi safu ya mbele.

Jumatatu bwana alizichora namba zetu kwenye grafu. Pale kileleni palitokea kishimo, kana kwamba atomu tatu hupumzika pamoja kabla ya kuachana. Alifurahi mno. Akasema atamwandikia mwalimu wake, barua iende na posta ya Alhamisi.

Kishimo kile kilikuwa palepale penye zile namba sita.

Jumatano nikazikokotoa mwenyewe, na nne zikaja tofauti: mwenzangu alitoa palipotakiwa kujumlisha. Nikamwendea.

"Shehe mzima unanakili hesabu za Msambaa mla makande?" Alicheka, kisha akanuna. "Ungesema wataka kwenda kuswali, ningekuombea ruhusa. Sasa tutafukuzwa sote."

"Nitasema kosa ni langu."

"La kunakili ndilo lako. La kutoa ni langu. Twende."

Bwana alitusikiliza amesimama, barua mkononi, stempu imeshabandikwa.

"Ulinakili ngapi nyingine?" akaniuliza.

"Hakuna, bwana."

"Nitajuaje?"

Aliichana barua ile, akaagiza tuanze upya tangu namba ya kwanza. Hakumfukuza mtu. Kazi ilikula masika yote. Kila Ijumaa niliomba ruhusa kwa mdomo wangu, na kila Ijumaa nilipewa. Kishimo kikatoweka, kilima kikabaki na kilele kimoja.

Lakini siku tulipozifikia zile sita, bwana aliingia chumbani kwangu, akavuta kiti, akaketi akiutazama mkono wangu ukizungusha mashine mpaka namba ya mwisho. Sikumlaumu. Nilizikokotoa polepole, moja baada ya moja, ili aone.