Ngamia Asiye na Alama

Mimi shule niliacha darasa la pili nikafuata ngamia, na sijuti. Lakini uchafu nautambua hata ukiwa ndani ya kompyuta.

Binti yangu alikuwa ameandika programu ya JavaScript ya kusajili ngamia wa koo zetu. Wazee wangekuja kwetu Galbet baada ya alasiri kuiangalia, na wakiikataa, kazi ingekwenda kwa mtu wa Nairobi. Akanionyesha mimi kwanza. Ngamia arobaini, na mahali pa alama ya moto ya ukoo, kila mmoja patupu!

Akachungulia. "Aabo," ndivyo anavyoniita baba yake, "hapa nimeandika *new Ngamia* tu. Hiyo *new* ndiyo inaunda ngamia mpya. Nimesahau mabano, na alama huwekwa ndani ya mabano."

"Na mashine ikanyamaza?"

"Inaruhusu, aabo. Ukiacha mabano, inachukulia umeweka matupu, inakuundia ngamia hivyo hivyo."

Wallahi, chai ya maziwa nikaiweka chini. Kwetu ngamia bila alama amepotea au ameibwa. Marehemu mama aliwahi kumwaga maziwa ya ngamia kama huyo, na sisi watoto tuna njaa. Mashine inampokea!

"Ifundishe kuona haya," nikamwambia.

Akaandika mabano, alama ndani, kisha akaongeza amri: asiye na alama akataliwe.

Mzee wa kwanza kufika alijaribu makusudi kusajili ngamia bila alama. Mashine ikamkatalia. Akacheka, akasema kazi ni ya binti. Mimi chai ilishapoa, na lugha ile ya kompyuta, isiyokataa mpaka iamriwe, bado inanitia kinyaa.